Je, Wajua? Seva Haina Mkono wa Kufika Kwenye Simu Yako

Je, wajua kwamba seva haiwezi kuendesha hata mstari mmoja wa JavaScript kwenye simu yako? Wanaojifunza kutengeneza tovuti wanauliza swali hili kila kukicha: nimeandika msimbo wangu wa C# au PHP, sasa nataka uite fanksheni ya JavaScript iliyoko kwenye ukurasa, niuandikeje? Jibu ni kwamba hauiti. Msimbo wa seva unaandika agizo, agizo linasafiri ndani ya ukurasa, na kivinjari ndicho kinacholitekeleza likishafika. Mtu wa kisiwa cha Chula akimpa nahodha barua ya kupeleka Kismayu anaweza kuandika ndani yake, "ukishasoma, mpigie simu kaka yangu." Simu itapigwa, lakini mpigaji ni yule aliyeisoma barua, kwa simu yake na kwa salio lake.

Chanzo ni HTTP yenyewe, itifaki aliyoibuni Tim Berners-Lee pale CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kivinjari kinauliza, seva inajibu, basi. Simu isipoanza kuuliza, seva haina habari kwamba simu hiyo ipo duniani.

Je, wajua kwamba JavaScript iliandikwa kwa siku 10? Ilikuwa Mei 1995, mwandishi wake ni Brendan Eich wa kampuni ya Netscape. Machi ya mwaka huohuo askari wa mwisho wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNOSOM II, walikuwa wameondoka Mogadishu, na Wabajuni wengi wa Kismayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Ngumi walikuwa wakimbizi, baadhi yao kambini Jomvu, Mombasa. Leo lugha hiyo ya siku 10 imo ndani ya karibu kila simu yenye kivinjari, iwe Kismayu au Kizingitini.

Je, wajua kwamba ujumbe unaweza kufunguka kwenye chumba kisicho na mtu? Mwanafunzi wa ASP.NET, mfumo wa tovuti wa Microsoft, akiita MessageBox.Show, amri ya kufungua kidirisha cha ujumbe, kutoka msimbo wa seva, kwenye kompyuta yake kidirisha kinatokea vizuri kabisa, kwa sababu pale mezani seva na kivinjari ni mashine moja. Anafurahi, anapeleka kazi kwenye seva ya kukodi Ulaya, na mteja wa Kismayu haoni kitu. Windows ya seva inakataa kufungua kidirisha mahali pasipo na mtumiaji na kutupa kosa. Hata kama ingekubali, kidirisha kingefunguka Ulaya. Kosa hili lina faida kubwa ya kufundishia, maana aliyelielewa amekwisha kuelewa upande wa seva ni upi na upande wa mteja ni upi.

Njia sahihi ya ASP.NET ya zamani, toleo la 2.0 la mwaka 2005 na kuendelea, ni kumkabidhi ClientScriptManager maandishi ya JavaScript ayabandike kwenye ukurasa. Anazo mbinu mbili zinazofanana majina na kutofautiana tabia. RegisterClientScriptBlock inaweka skripti mara tu baada ya fomu kufunguliwa. RegisterStartupScript inaiweka mwishoni, kabla tu ya fomu kufungwa. Ukitumia ya kwanza kutafuta kisanduku cha maandishi kilicho chini yake, utapewa null, kwa sababu kivinjari kinasoma kutoka juu kwenda chini na kisanduku hakijazaliwa bado. Kila skripti hupewa ufunguo; ukisajili mbili za aina moja kwa ufunguo mmoja, ya pili inaachwa kimyakimya.

Je, wajua kwa nini ujumbe wa "Umefanikiwa" hauonekani ukifuatiwa na Response.Redirect? Redirect inafuta kilichokuwa kimeandaliwa na kutuma jibu la 302, yaani nenda kule. Kivinjari kinaenda kule. Skripti haikupata hata nafasi ya kusomwa. Ubebe ujumbe hadi ukurasa wa pili, au uache JavaScript yenyewe ihamishe ukurasa baada ya mtu kubonyeza sawa.

Na je, wajua kwamba skripti iliyoingizwa kwenye ukurasa kwa innerHTML haiendeshwi? Ndivyo HTML5 inavyoamuru. Ndiyo maana UpdatePanel, chombo cha ASP.NET kinachobadilisha sehemu tu ya ukurasa, inadai ScriptManager; yule ClientScriptManager hawezi kuisaidia.

Je, wajua kwamba mfano mzuri sana wa seva kuandika skripti katika Afrika Mashariki uliwahi kubeba sauti za Wasomali? Ushahidi ilianzishwa Kenya Januari 2008, siku za ghasia za baada ya uchaguzi, ili taarifa za watu zionekane kwenye ramani. Desemba 2011 Al Jazeera ilishirikiana na Ushahidi, Souktel na wengineo katika mradi ulioitwa Somalia Speaks. Watu walio ndani ya Somalia waliulizwa kwa ujumbe mfupi wa simu: vita vimeyaathiri vipi maisha yako? Wakajibu kwa Kisomali, maelfu ya jumbe, wenzao walioko ughaibuni wakazitafsiri, na majibu yakawekwa kwenye ramani.

Sasa tazama ndani ya programu ya Ushahidi ya miaka ile. Kulikuwa na faili iliyoitwa main_js.php. Jina lake linasema yote: ni PHP, inaendeshwa na seva, lakini kinachotoka ndani yake ni JavaScript. Seva ilichukua kutoka kwenye mipangilio latitudo, longitudo na kiwango cha kukuza ramani, ikavipachika kwenye maandishi ya skripti, ikatuma. Kivinjari kilipokea skripti ikiwa na namba tayari, kikaikabidhi maktaba ya OpenLayers, na ramani ikachorwa kwenye skrini ya msomaji. Taarifa zenyewe hazikuja na ukurasa. Skripti ilizifuata baadaye kwa ombi la pili, na seva ilikuwa imekwisha kuzikusanya katika mafungu ili simu isihangaike na nukta mojamoja. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoutamani kwa kila tovuti ya pwani yetu: hesabu nzito zifanyike kwenye seva yenye umeme wa uhakika, simu ya mvuvi iachiwe kuchora tu.

Je, wajua kwamba Kismayu inaweza kuhamia Hispania kwa namba mbili kubadilishana nafasi? Mji uko karibu latitudo 0.36 kusini ya ikweta na longitudo 42.54 mashariki. OpenLayers inataka longitudo kwanza. Leaflet, maktaba nyingine ya ramani, inataka latitudo kwanza. Muundo wa data wa GeoJSON, kwa kanuni ya RFC 7946 ya mwaka 2016, longitudo kwanza. Seva ikizipanga kinyume, nukta yako inatua karibu na mji wa Sabiñánigo, chini ya milima ya Pyrenees. Na seva ikidondosha alama ya hasi, unapanda kaskazini kiasi cha kilomita 80, juu ya ikweta, nchi kavu ya bonde la Juba, mbali na bahari. Visiwa vya Wabajuni ni vidogo na vimejipanga kama mstari sambamba na pwani. Kosa dogo kuliko hilo latosha kukizamisha Chovai baharini kwenye ramani.

Kuna baya zaidi, nalo ni mkato. Seva iliyowekwa kwa desturi ya Kiitaliano au Kijerumani huandika desimali kwa mkato: 42,54 badala ya 42.54. Mtu akiisoma anaelewa. JavaScript inasoma mkato kama mpaka kati ya kitu na kitu, kwa hiyo namba mbili zinageuka kuwa nne: 42, kisha 54, kisha sifuri, kisha 36. OpenLayers inachukua mbili za mwanzo, longitudo 42 na latitudo 54, na Kismayu inaangukia mkoa wa Ryazan, Urusi. Hakuna kosa litakaloonyeshwa, maana kwa kompyuta hakuna lililoharibika. PHP ilikuwa na tabia hii ya kufuata desturi ya mahali inapogeuza desimali kuwa maandishi hadi toleo la 8.0 la Novemba 2020. Katika C# tabia hiyo ipo mpaka leo, na dawa yake ni kuitaja wazi InvariantCulture kila unapoandika namba itakayosomwa na mashine.

Je, wajua kwamba ng'ombe mmoja anatosha kuangusha ukurasa mzima? Seva ikiandika alert('Ng'ombe wamefika') kivinjari kinaona maandishi yamekwisha kwenye Ng, kisha kinakutana na neno ombe kisilolijua, na fungu zima la skripti linatupwa. Ritifaa hiyo imo pia katika Ng'ambo ya Unguja, na Kisomali kinaiandika katika maneno ya kila siku, mojawapo likiwa lo', ambalo nalo ni ng'ombe. Msanidi wa London au Chicago anaweza kukaa miaka bila kukutana na tatizo hili kwenye data zake. Wa pwani ya Kismayu, ambako lugha hizi mbili zinaishi nyumba moja, analikuta asubuhi ya kwanza.

Usilitibu kwa kubadilisha ritifaa kuwa nafasi tupu, maana hapo unaharibu majina ya watu. PHP ina json_encode; .NET ina JavaScriptStringEncode tangu mwaka 2010. Zikabidhi maandishi yoyote yale nazo zitakurudishia maandishi salama. Jambo zuri kuhusu json_encode ni kwamba kwa kawaida yake huweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila mkwaju, kwa hiyo mtu akiandika alama ya kufunga skripti ndani ya jina lake, alama hiyo haitafunga chochote.

Kwa nini mtu aandike alama hiyo? Kwa sababu mlango unaopitisha ng'ombe unapitisha na mwizi. Tarehe 4 Oktoba 2005 kijana aitwaye Samy Kamkar aliweka skripti kwenye wasifu wake wa MySpace. Seva iliituma kwa kila aliyetembelea kana kwamba ni yake yenyewe, vivinjari vikaitii, na kabla ya saa 20 kupita ilikuwa imeenea kwa watumiaji zaidi ya milioni moja. Seva inapobandika maneno ya mtu ndani ya skripti bila kuyasafisha, inampa mtu huyo uwezo wa kuamuru simu za wengine.

Je, wajua kwamba watu wa Mombasa na Kismayu wanatumia seva inayoamsha simu karibu kila siku, bila kuiita hivyo? Ukilipia kitu mtandaoni kwa M-Pesa, simu inawaka yenyewe na kukuomba namba ya siri. Hiyo ni STK Push. Seva ya duka inatuma ombi kwa Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia wasanidi, na mtandao wa simu unaiambia laini yako ionyeshe kidirisha. Upande wa Somalia, Hormuud ilianzisha EVC Plus mwaka 2011, inayotumia USSD, na kupitia WaafiPay duka la mtandaoni linaweza kumletea mteja wa EVC ombi la namba ya siri vilevile. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 73 ya Wasomali wenye zaidi ya miaka 16 wanatumia pesa za simu, kwa miamala ya thamani ya dola bilioni 2.7 kila mwezi. Na yote hayo yanapita kwenye vijidirisha ambavyo, kwa USSD, havizidi herufi 182.

Hapa pana somo la kukaa nalo. Seva ya duka ikituma ombi la STK, inajibiwa papo hapo: limepokelewa. Maana yake ombi limefika, basi. Malipo bado. Mteja anaweza kuwa anatafuta miwani yake, au ameghairi. Jibu halisi linakuja baadaye, kwenye anwani nyingine ambayo duka lilikuwa limeitoa: 0 ikiwa amelipa, 1032 ikiwa amekataa, 1037 ikiwa simu haikupatikana. Sasa seva inajua, lakini ukurasa uliofunguliwa kwenye kivinjari haujui. Bado unazungusha kile kiduara cha kusubiri. Swali la mwanzo limerudi: seva itauambiaje ukurasa? Tovuti zinazomwambia mteja "asante kwa malipo" kwa kusoma lile jibu la kwanza zinamdanganya, na pwani yenye mtandao wa kukatikakatika zinamdanganya mara nyingi zaidi.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi jibu lilikuwa kuuliza tena na tena? XMLHttpRequest, njia ya skripti kuiuliza seva bila kufungua ukurasa upya, ilitoka na Internet Explorer 5 mwaka 1999, ikitokana na kazi ya timu ya Outlook Web Access ya Microsoft, na Februari 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax. Skripti inaamka kila sekunde chache: amelipa? Bado. Amelipa? Bado. Inafanya kazi. Inakula bando pia.

Kisha ikaja Server-Sent Events, ambayo Opera iliijaribu kwanza mwaka 2006. Kivinjari kinauliza mara moja, seva haimalizi kujibu. Inaacha jibu wazi na kuongeza mstari kila habari mpya inapotokea. Njia ikikatika, kivinjari kinaunganisha chenyewe na kutaja namba ya habari ya mwisho kiliyoipata, ili seva iendelee pale ilipoishia. Kwa tovuti za Kismayu naipenda hii kuliko zote, na inasikitisha kwamba haitajwi sana. WebSocket, iliyosanifiwa kwa RFC 6455 Desemba 2011, ina nguvu zaidi kwa sababu pande zote mbili zinazungumza, lakini ikikatika ni wewe msanidi unayeandika namna ya kurudi.

Je, wajua kwamba siku hizi seva inaweza kuita fanksheni ya JavaScript na kungoja jibu lake? Blazor Server ya Microsoft, iliyotoka Septemba 2019, inaacha njia wazi kati ya seva na kivinjari, na msimbo wa C# unasema InvokeAsync pamoja na jina la fanksheni. Ukitazama kwa juu utadhani ule ukuta wa HTTP umeanguka. Haujaanguka. Agizo bado linasafiri kama ujumbe, kivinjari bado ndicho mtendaji, na jibu lisiporudi ndani ya dakika moja seva inakata tamaa. Simu ikipoteza mtandao, seva inaitunzia hali ya ukurasa kwa dakika 3 tu, isipokuwa umebadilisha mpangilio. Mtu aliye ndani ya mashua kati ya Koyama na Kismayu hupotelewa na mtandao kwa muda mrefu zaidi ya huo, na akirudi anakuta fomu aliyokuwa anaijaza imefutika. Kwa kazi za ofisini Blazor Server ni chombo kizuri. Kwa visiwani nisingeichagua.

Je, wajua kilichotokea mkongo ulipokatika? Mogadishu ilikuwa imeunganishwa na mkongo wa baharini wa EASSy. Juni 2017 meli iliukata, na sehemu kubwa ya kusini na kati ya Somalia ikakaa zaidi ya wiki tatu bila njia hiyo. Serikali ilitaja hasara ya dola milioni 10 kwa siku. Mkongo ukikatika inabaki setilaiti, na mwenye setilaiti ya mbali, ile iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, anasubiri karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Skripti inayotoka kwenye anwani ngeni inahitaji kuulizia jina, kufungua njia, kukubaliana siri mara mbili kwa TLS ya wakati ule, ndipo iombwe. Hizo ni safari tano, sekunde mbili na nusu, kabla ya herufi ya kwanza. Ukurasa wenye skripti kutoka anwani sita za mbali, kila moja ikiingoja nyingine, unachosha hata mwenye subira. Ziweke skripti zako kwenye seva ileile ya ukurasa.

Je, wajua kwamba kuna kivinjari ambacho "upande wa mteja" wake uko kwenye seva? Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia Januari 2006, katika hali yake ya kubana data zaidi hufungua ukurasa kwenye seva za Opera, huendesha JavaScript hukohuko kwa sekunde chache, hubana matokeo na kuyatuma kwenye simu yakiwa mepesi mno. Skripti za saa na za kungoja hazifanyi kazi, WebSocket haipo, na kila kitufe chenye JavaScript kinarudi seva kupata jibu. Kwa hiyo fomu yako iwe na uwezo wa kutumwa hata skripti isipoendeshwa.

Tarehe nazo zina mtego. 09:00 ya UTC ni saa sita mchana Kismayu, na orodha ya majira inayotumiwa na kompyuta nyingi imeifanya Africa/Mogadishu kuwa kiungo tu cha Africa/Nairobi. Seva ikituma tarehe tupu bila saa, JavaScript huisoma kama usiku wa manane wa UTC. Kismayu itaonekana sawasawa. Shangazi aliyeko Minnesota ataiona Idi imewekwa siku moja nyuma.

Je, wajua kwamba ukurasa uliofungwa unaweza kuamshwa? Hii ni arifa ya Web Push, kwa RFC 8030 ya Desemba 2016. Mtumiaji akikubali, kivinjari kinaacha nyuma skripti iitwayo service worker na kuipa seva yako anwani ya kupitishia ujumbe: kwa Chrome ni mitambo ya Google, kwa Firefox ni ya Mozilla, kwa Safari ni ya Apple, ambayo kwenye iPhone ilianza Machi 2023. Kwa pwani yetu arifa ya namna hii ni jambo la uhai: mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalichukua saa kadhaa kutoka Sumatra hadi pwani ya Somalia, na muda wote huo hakukuwa na mfumo wa tahadhari wa kumfikishia habari mtu aliyekuwa ufukweni.

Seva inapotuma arifa hiyo hutaja TTL, yaani sekunde ambazo ujumbe utunzwe ikiwa simu imezimwa au iko nje ya mtandao. Tahadhari ya kusi iliyochafuka ipewe 21600, ambazo ni saa sita. Mvuvi wa Ngumi akipata mtandao baada ya saa nne ataiona, na akiupata kesho yake haitamjia ikiwa imepitwa na wakati. Uipe pia Topic, ili tahadhari mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani inayongoja, na simu ikiwaka ipokee moja tu, ile ya mwisho.